Mpango mpya wa mwezi: maswali wanayouliza wazazi, viongozi na maskauti wetu

Ndugu wazazi, walezi, viongozi na maskauti. Tangu tutangaze kwamba mpango wa mwezi hautapangwa tena kwa njia ya zamani, simu hazijanyamaza. Maswali mengine ni yale yale yanayorudi, mengine ni malalamiko yaliyotiwa alama ya kuuliza, na machache ni mazuri kuliko majibu tuliyokuwa nayo. Tumeyakusanya hapa. Mwenye haraka na habari za pesa ashuke hadi chini, lakini tungeomba usome kwanza swali la watoto kupanga, maana mengine yote yametoka humo.

Kwa ufupi, ni nini kilichobadilika?

Mambo matatu. La kwanza, mpango wa mwezi sasa unatungwa na baraza la viongozi wa patroli (vile vikundi vidogo ndani ya kundi letu), yaani vijana wenyewe, kisha viongozi watu wazima wanaupitia. Zamani ilikuwa kinyume: sisi tunapanga, wao wanatekeleza. La pili, mpango unatoka mapema. Wa Machi, kwa mfano, unapaswa kuwa mkononi mwa mzazi kufikia tarehe 20 Februari. La tatu, kila mwezi una Jumamosi moja ambayo hatuijazi sisi. Tunaiita Jumamosi ya patroli na ina swali lake hapa chini.

Mengine yako pale pale. Tunakutana Jumamosi saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana, uwanja ule ule. Bendera inapandishwa, sare inakaguliwa, na anayekuja bila skafu bado ataulizwa ameiacha wapi.

Kwani njia ya zamani ilikuwa na ubaya gani?

Kuna ubaya ambao mzazi aliuona na mwingine ambao hakuuona. Aliouona ni ule ujumbe wa WhatsApp wa Ijumaa saa nne usiku: "Kesho kila mtoto aje na kamba ya katani mita tano na sufuria." Duka gani la mtaani litakuuzia kamba ya katani saa hiyo? Asubuhi yake watoto wawili watatu wana kamba, waliobaki wamesimama kando wakitazama, na mzazi mmoja amelazimika kuacha shughuli zake kwenda kutafuta sufuria ya kuazima.

Ambao hakuuona ulikuwa kwenye kikao cha viongozi cha mwisho wa mwezi. Watu wazima wachache, wametoka kazini, wamechoka, na kila mmoja anapendekeza kile anachokijua. Mpenda gwaride anataka gwaride. Aliyesomea huduma ya kwanza anataka bandeji. Mwaka unakatika mtoto anajua kufunga mkono uliovunjika hata akiwa amefumba macho, lakini hajawahi kushika dira. Hakuna aliyefanya hila hapo. Ila mpango ulikuwa unafuata kilicho karibu na kiongozi, badala ya kile ambacho kijana bado hajakijua.

Watoto wa miaka kumi na miwili watapanga nini jamani?

Swali hili limetufikia kwa sauti nyingi, nyingine za upole, nyingine za mshangao. Basi tuseme jinsi linavyofanyika.

Kila patroli ina vijana sita hadi wanane, kiongozi wake na naibu. Jumamosi ya kwanza ya mwezi, patroli inakaa kwenye kona yake kwa nusu saa na kuandika mambo matatu inayoyataka mwezi ujao. Jumamosi ya pili, mkutano ukiisha, viongozi wa patroli wanabaki na kuketi barazani na karatasi zao. Watu wazima wawili wapo, wana viti, hawana kura. Wanajadili, wanapunguza, wanapiga kura pale wanaposhindwa kuelewana, na mmoja anaandika. Karatasi hiyo ndiyo inayokuja kwetu viongozi kupitiwa.

Katika baraza moja la majuzi kiongozi wa patroli ya Chui alitaka mnara wa miti ujengwe Jumamosi ya kwanza kabisa. Mwenzake wa Kongoni, msichana mwenye daftari la hesabu lililojaa michoro, akamuuliza ni wangapi kwenye patroli yake wanaoweza kufunga miti miwili njia panda isiteleze. Kimya. Akavua kamba ya kiatu, akashika penseli mbili, akawaonyesha: unaanza na fundo kwenye mti uliosimama, unazungusha mara tatu ukipita juu na chini ya ule uliolala, unapitisha kamba katikati ya miti kuikaza, ndipo unamalizia na fundo kwenye mti wa pili. "Hii tufanye wiki ya kwanza," akasema. "Mnara wiki ya tatu." Mnara ukahamia wiki ya tatu. Watu wazima waliokuwa pale hawakufungua mdomo.

Sisi tungeweza kuwapa mpangilio huo huo ukiwa umechapwa vizuri. Wangeufuata, naam, na wiki iliyofuata wangeuliza, "Kiongozi, leo tunafanya nini?" Baada ya baraza lile hakuna aliyeuliza.

Na anayedhani haya ni mambo ya mtindo wa siku hizi amekosea kwa zaidi ya karne moja. Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, alipowapeleka wavulana wapatao ishirini kwenye kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwezi Agosti 1907, aliwagawa patroli nne na kuiweka kila moja chini ya mvulana mwenzao. Uskauti ulipofika Kenya, 1910, patroli zilikuja nao. Sisi ndio tulizigeuza kuwa mistari ya kusimamia gwaride.

Na wakipanga kucheza mpira Jumamosi zote?

Watajaribu, mara moja. Kwa hiyo baraza lina maswali matatu ambayo kila pendekezo lazima liyapite: Tutajifunza nini ambacho hatukijui? Kila mmoja wetu anaweza kushiriki, pamoja na asiye na pesa na yule anayetembea kwa magongo? Nani analeta nini? Mpira unakwama kwenye swali la kwanza kila mara. Unapewa dakika zake za mchezo, na hapo hatuwanyimi.

Tumeona pia kwamba vijana ni wakali kwa mapendekezo ya wenzao kuliko tulivyowahi kuwa sisi. Hilo linatupa kazi nyingine, kwa sababu kuna watoto wapole ambao maneno yao hayafiki barazani kama hakuna wa kuyabeba. Naibu wa patroli ndiye tuliyempa jukumu la kuzunguka kwenye kona na kumuuliza kila mmoja, na wa kwanza kuulizwa awe mgeni wa patroli.

Mimi ni kiongozi msaidizi. Naona kama nimenyang'anywa kazi.

Kazi yako imeongezeka, subiri uone. Mtu mzima ana haki ya kukataa kwa sababu tatu tu: usalama, pesa na sheria. Nje ya hapo unatoa maoni, na maoni yanaweza kupuuzwa. Linauma kidogo mwanzoni.

Chukua mfano wa patroli iliyotaka kupanda Milima ya Ngong. Wao wamechagua njia na kuandika chakula. Wewe unabaki na yale ambayo mtoto hawezi kubeba: watu wazima wangapi watakwenda, kiingilio, mpango wa askari wa msitu wa kuwasindikiza, gari lenye bima na mikanda, mfuko wa huduma ya kwanza, na namba ya mzazi wa kila mtoto. Ile njia ya juu karibu na mitambo ya upepo inapigwa na upepo mkali hata jua likiwaka mjini, na mtoto wa Kayole aliyezoea joto la lami atakuja na fulana moja. Ukimwambia mapema, atabeba sweta.

Kanuni moja haipelekwi barazani kabisa: hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto, iwe mkutanoni, safarini au hemani. Wawe watu wazima wawili au zaidi, wakati wote.

Mada ya mwezi inachaguliwa vipi?

Hata kambi ya Brownsea ilikuwa na mada ya kila siku: siku ya kuchunguza, siku ya maarifa ya porini, siku ya kuokoa maisha, na kadhalika. Mada inasaidia mambo yashikane. Baraza linachagua ya kwake, lakini ndani ya kalenda ya mwaka ambayo Nairobi yenyewe imekwisha kutuandikia nusu.

Februari ni ya Mwanzilishi, maana tarehe 22 ndiyo siku aliyozaliwa Baden-Powell, 1857. Machi hadi Mei ni masika, kwa hiyo kazi nyingi ni za chini ya paa: ramani, mafundo, huduma ya kwanza. Kupanda miche nako kunaangukia hapo, ardhi ikishalowa, na tena Novemba kwa mvua za vuli. Anayepanda mti Januari kwa sababu ya picha ajiandae kuumwagilia maji mwenyewe hadi Machi. Julai ni baridi, na watoto wanataka kukimbia ili wapate joto. Michezo mikubwa ya kutafutana iko hapo, aghalabu kwenye bustani ya miti ya Arboretum au msitu wa Karura. Karura ina mada yake tayari kwa anayetaka kuzungumzia uraia: Wangari Maathai na wenzake waliukingia kifua msitu ule usigawanywe miaka ya 1990 inaisha, na wazazi wengine wa kundi hili wanayakumbuka mapambano yale vizuri. Waalikeni wasimulie. Oktoba kuna mkutano wa maskauti wa dunia kwa njia ya redio na intaneti, ule wa JOTA-JOTI, na mada yake ni mawasiliano.

Desemba tunaiacha. Nusu ya kundi iko ushago.

Sungura nao wana baraza?

Hapana. Wadogo wetu wa Sungura wanachagua kati ya vitu viwili vitatu ambavyo kiongozi wao ameviandaa, kwa kuinua mikono au kukimbilia upande wanaoutaka uwanjani. Inatosha. Baraza ni la Chipukizi, wanaowafuata Sungura kwa umri, na Mwamba, wakubwa wao, wana lao. Jasiri, kwa kuwa ni watu wazima vijana, wanajipangia kila kitu na tunawaomba watusaidie kwa wadogo.

Jumamosi ya patroli ni nini? Mbona kwenye ratiba pameandikwa jina tu, hakuna shughuli?

Kwa sababu shughuli ni ya patroli yenyewe, na patroli nne zinaweza kufanya mambo manne tofauti asubuhi ile ile. Moja inapika ugali na sukuma kwa moto wa mawe matatu nyuma ya jukwaa. Nyingine inakwenda kusafisha mfereji wa mtaani. Ya tatu inafanya mazoezi ya kupiga hema na kuliteremsha kwa saa. Ya nne, tuseme ukweli, inakaa kivulini na kubishana nani alipaswa kuleta kiberiti.

Hiyo ya nne ndiyo inayowakera wazazi. "Nimempeleka mtoto, nimelipa nauli, wamekaa bure." Tunaelewa. Hata hivyo hatutaijaza Jumamosi ile, na hatutakimbia kuwanunulia kiberiti. Patroli iliyokosa kiberiti mwezi mmoja huja na viwili mwezi unaofuata, na kwenye karatasi yao utakuta mstari mpya umeandikwa kwa herufi kubwa: KIBERITI, pamoja na jina la mtu. Kinachosimamiwa ni usalama: viongozi wako uwanjani muda wote, moto hauwashwi bila ndoo ya maji au mchanga kando yake, na patroli inayotoka nje ya geti inakwenda na watu wazima wawili na ruhusa ya mzazi iliyoandikwa.

Kambi ya Aprili imekwenda wapi?

Imehamia likizo ya Agosti. Baraza ndilo lililoleta hoja hiyo, na hatukupata cha kuipinga. Aprili ni kilele cha masika. Wote tunakumbuka 2024, mvua zilivyofurika hadi ufunguzi wa shule wa muhula wa pili ukaahirishwa. Hata mwaka wa kawaida, hema la Aprili ni kulala kwenye matope na kuamka na soksi zilizoloa.

Agosti ni kavu, lakini usidanganyike, usiku ni baridi. Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari na alfajiri ya Agosti inauma. Blanketi zito au mfuko mzuri wa kulalia, kofia ya sufu, soksi za kubadilisha jioni. Na kitu cha kutandika chini ni muhimu kuliko cha kujifunika, kwa sababu baridi nyingi inatoka ardhini; gunia safi na mkeka vinafanya kazi sawa na godoro la dukani. Tukipata nafasi tutakuwa Rowallan, ile kambi ya maskauti karibu na Jamhuri. Makundi mengi yanapataka wakati wa likizo, na hiyo ni sababu nyingine ya kupanga mapema.

Mwanangu ana mtihani wa taifa mwaka huu. Aache uskauti?

Asiache, apunguze. Baraza limekubali kwamba kuanzia Septemba aliye Gredi ya 6, Gredi ya 9 au kidato cha nne hahesabiwi kuwa mtoro. Anabaki kwenye patroli yake, jina liko, akija Jumamosi moja kwa mwezi kupumua anakaribishwa. Kama ni kiongozi wa patroli, naibu anashika usukani. Na kwa kuwa mpango unatoka mapema, mzazi anaweza kuuweka kando ya ratiba ya tuisheni na kuona wapi vinagongana kabla havijagongana.

Wa shule za bweni nao walikuwa wakikosa mambo mazito mwaka mzima. Sasa shughuli kubwa, yaani kambi, matembezi marefu na kula kiapo, zinawekwa kwenye likizo kadiri inavyowezekana.

Sisi ni Wasabato. Sisi ni Waislamu. Ratiba hii inatujali?

Kwa Wasabato hili ni gumu kuliko yote, na hatutajifanya tumelimaliza. Mikutano yetu ni Jumamosi, basi. Tulichoweza ni hiki: patroli yenye mwenzao Msabato inaruhusiwa kuhamishia Jumamosi ya patroli siku ya Jumapili alasiri, na mbili zimekwisha kufanya hivyo kwa hiari yao. Majaribio ya beji yanaweza kufanywa Jumapili pia. Kambini, kuanzia Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi jua linapozama, kijana ana nafasi ya ibada yake na hapewi zamu ya kupika. Mwenye wazo bora alilete barazani kupitia mtoto wake.

Kwa Waislamu, kosa la ratiba za zamani lilikuwa kuisahau Ramadhani inayosogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2026 imeangukia kati ya Februari na Machi, yaani imekutana uso kwa uso na Siku ya Mwanzilishi. Wiki za mfungo hatuweki matembezi ya mchana kutwa wala mashindano ya mapishi. Kambi ikiangukia humo, futari na daku vinaandikwa kwenye ratiba ya jiko kama mlo mwingine wowote, na patroli nzima inajifunza kupanga moto wa alfajiri. Chakula cha kambini ni halali siku zote, hivyo hakuna anayehitaji kuuliza.

Pesa je? Imepanda?

Ada ya mwaka haijaguswa. Kilichobadilika ni kwamba kila shughuli ya mpango ina mstari wake wa gharama: nauli, kiingilio, chakula, basi. Mzazi anauona kabla mwezi haujaanza, na anaweza kulipa kidogo kidogo kwa M-Pesa. Pesa taslimu hatupokei uwanjani, hata ikiwa ni ya nauli tu. Risiti za kila safari zinapitiwa na wazazi wawili waliochaguliwa, ambao si viongozi.

Baraza linapewa kikomo cha mwezi na linapanga ndani yake. Hapo ndipo vijana wanapojifunza bei ya unga. Tuliwahi kuona pendekezo la soseji na mayai kwa siku tatu likigeuka kuwa maharagwe, chapati na chai ya maziwa ndani ya dakika tano, baada ya mmoja kupiga hesabu kwa sauti.

Asiyeweza kulipa amwambie kiongozi yeyote, faraghani. Mtoto haachwi nyuma kwa ajili ya nauli, na jina lake halitajwi popote.

Mpango umeshatoka, halafu mvua inanyesha au mjini kuna maandamano. Mnafanyaje?

Kila mwezi una shughuli moja ya akiba, ya ndani, ambayo vifaa vyake tayari viko kwenye sanduku. Uamuzi wa kubadilisha unatolewa kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya siku yenyewe. Ukikosa ujumbe kufikia hapo, mpango uko vile vile. Siku ambayo katikati ya jiji si shwari, safari yoyote ya kupitia mjini inafutwa bila mjadala, na pesa zinahamishiwa safari inayofuata.

Mabadiliko ya dakika za lala salama kwa sababu kiongozi amepata udhuru hayako tena. Akipata udhuru, msaidizi wake anaendelea, maana mpango umeandikwa na vifaa vinajulikana.

Mwanangu alikuwa karibu na beji. Mfumo huu hautamchelewesha?

Unaweza kumchelewesha kidogo mwanzoni. Zamani tulikuwa tukiendesha kundi zima kwenye beji moja, wote kwa pamoja, na mwisho wa muhula wote wanavishwa, hata yule aliyekuwa akitazama tu. Ilipendeza kwenye picha. Sasa kila kijana ana kadi ya maendeleo yake, na kiongozi wa patroli anakuja nazo barazani ili mpango ufuate mapengo. Watano wakiwa wamekwama kwenye dira, dira inaingia kwenye mpango. Beji zitakuwa chache kwa muda, na tunaona ni sawa.

Safari ya Nyeri mwezi Februari bado ipo?

Ipo. Baden-Powell alifariki Nyeri tarehe 8 Januari 1941 na kaburi lake liko huko, na kila Februari maskauti wanamiminika. Kwenye jiwe kuna alama ya duara yenye nukta katikati, ile ambayo kwa ishara zetu za njiani maana yake ni "nimerudi nyumbani". Chipukizi wanapewa kazi ya kuitafuta bila kuambiwa iko wapi.

Mipango yake inaanza Novemba, wala si wiki mbili kabla, kwa sababu magari mazuri yanakodiwa mapema. Hatuondoki kabla ya saa kumi na moja alfajiri na tunataka kuwa tumerudi Nairobi kabla ya giza. Asiyekwenda ana shughuli yake hapa hapa, na safari hii imepangwa na Mwamba.

Picha za watoto mnazituma wapi?

Kwenye kikundi cha wazazi tu, na zile za mtoto ambaye mzazi wake ametia sahihi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa habari za mtoto, na picha ni habari. Mpango wa mwezi unaotumwa nje ya kundi hauonyeshi majina wala mahali patroli itakapokuwa saa fulani. Tafadhali usiusambaze ule wa ndani.

Binti yangu amekasirika. Pendekezo lake lilishindwa kwa kura na sasa hataki kuja.

Mpe siku mbili. Kisha mwambie pendekezo lililoshindwa linaingia kwenye daftari la baraza na lina haki ya kurudi mwezi unaofuata, likiwa limeboreshwa. Msichana wa Kongoni mwenye penseli, tuliyemtaja juu, alishindwa mara mbili na pendekezo la kutembea usiku kwa kufuata nyota. Mara ya tatu alikuja na mchoro wa uwanja, orodha ya tochi na jina la mzazi atakayechemsha chai. Likapita.

Tunachowaomba wazazi ni kutompigia kiongozi simu ili kura ibadilishwe. Simu hizo zimekuja, na majibu yake yamekuwa mafupi.

Sikuwahi kuwa skauti. Naweza kusaidia?

Unahitajika sana. Muuguzi, fundi wa umeme, mama anayejua kupikia watu wengi kwa sufuria moja, dereva, mkulima wa Ruai anayejua kuotesha miche: nyote mna Jumamosi yenu kwenye mpango. Baraza litakualika kwa barua iliyoandikwa na kijana, na tunaomba uijibu kwa maandishi, hata kwa mistari miwili. Atakayekuwa na watoto mara kwa mara atatakiwa kujaza fomu, kuleta cheti cha mwenendo mwema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai, na kukaa kwenye mafunzo mafupi ya ulinzi wa watoto. Haijalishi tunakufahamu miaka mingapi.

Nikiwa na swali kuhusu mpango wa mwezi, nimuulize nani?

Muulize mtoto wako kwanza, kwa kuwa alikuwepo ulipopangwa. Akikosa jibu, kiongozi wa patroli yake; jina liko chini ya ukurasa wa kwanza wa mpango. Jambo la pesa, afya au usalama lilete kwetu moja kwa moja kwa namba zilizo kwenye fomu ya ruhusa, kati ya saa mbili asubuhi na saa mbili usiku.